Niliugua kichaa cha uzazi nikapona. Sasa mume anataka mtoto wa pili. Mliopitia hili, mlizaa tena?

#1 Mama wa Mmoja

Wakuu, salamu. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Nina miaka 33, naishi Dar, nina mtoto mmoja wa kiume ambaye ameanza darasa la kwanza mwaka huu. Alipozaliwa, siku ya nne tu, usingizi ulinikimbia. Mtoto alikuwa mtulivu, ananyonya na kulala. Mimi ndiye niliyekuwa macho. Saa nane usiku nafua nepi zilizokwisha kufuliwa, nasugua masufuria, naandika kwenye daftari majina ya ndugu wote ninaotakiwa kuwasamehe. Mama mkwe akamwambia mume wangu, "Mkeo ana bidii." Siku ya saba nikaanza kusikia mvua kwenye mabati inataja jina langu. Siku ya tisa nikasema yule mtoto si wangu, wangu kabadilishwa leba, nikatoka na kanga moja hadi barabarani kumtafuta.

Mengi ya siku zile nimesimuliwa tu. Ninachokumbuka mwenyewe ni kitanda cha wodi ya akili, mikono imefungwa kwa kanga yangu, ile ya maua ya njano niliyoinunua kwa ajili ya arobaini, na maziwa yamejaa hadi gauni limelowa kifuani. Matiti yanawaka moto, mtoto hayupo. Hakuna aliyekumbuka kwamba yule kichaa ni mzazi wa siku kumi. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku ndiye aliyeona. Alileta beseni na kitambaa cha maji ya moto, akanifungua mkono mmoja, akanikanda, akanikamua taratibu mpaka nikapumua. Hakusema neno. Mimi huwa nahesabu kupona kwangu kuanzia usiku ule, ingawa dawa zilichukua wiki nyingine tatu kunikamata.

Nililazwa siku 26. Nilitumia dawa mwaka mmoja na nusu, daktari akazipunguza kidogo kidogo mpaka zikaisha. Tangu hapo sijarudi nyuma. Nina duka la vifaa vya shule, nalipa kodi, nalea.

Sasa mume anataka mtoto wa pili. Na mimi namtaka, nasema ukweli wa moyo wangu. Ila naogopa. Mama mkwe anasema ilikuwa husuda na imeshaondolewa. Dada yangu anasema ni damu ya ukoo wetu, nisithubutu. Nimemuuliza daktari mmoja wa kliniki ya wajawazito, akaniambia tumwachie Mungu.

Mliopitia hili: mlizaa tena? Ilirudi? Na mnadhani chanzo chake hasa ni nini?

#2 Kijana wa Gongo la Mboto

Siti ya mbele. Pole sana dada.

#3 Mpenda Hoja

Namba 2, mtu kaandika kwa machozi wewe unawahi siti kama daladala ya Mbagala. Kama huna la kusema soma upite.

#4 Bint Makunduchi

Pole mwaya. Sisi huku Unguja tunaambiwa mzazi kaburi lake li wazi siku arobaini. Haachwi peke yake chumbani, hatoki magharibi, anafukizwa uvumba, anakandwa, anafungwa mkaja. Wewe saa nane za usiku uko uani na mabeseni, peke yako, na damu ya uzazi haijakatika. Hapo ndipo mlango ulipofunguka.

Mie nilizaa mwaka 2015, siku ya nne nikawa nalia tu, mtu akinisemesha nalia, nikimtazama mwanangu nalia. Bibi akaniitia sheikh nikasomewa, nikanywa kombe, maji yaliyooshewa aya, siku saba. Wiki ya pili nilikuwa mzima. Sikupelekwa spitali wala sikuchomwa sindano.

#5 Dereva wa Masafa

Hili jambo lipo sana ila linafichwa. Niliwahi kusikia redioni kwamba katika kila wanawake kumi wanaojifungua, mmoja anapata kichaa. Fikiria mtaani kwenu wako wangapi.

#6 Nesi Mstaafu

Nimefanya kazi wodi za wazazi miaka 31, naomba niweke sawa kabla uzi haujaenda mbali.

Namba 5, umechanganya. Takwimu hiyo ya mmoja katika kumi ni ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, si ya kichaa. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wapatao 13 katika kila 100 hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, hasa sonona, na kwenye nchi kama zetu wanakaribia 20. Alichopata mleta mada ni kitu kingine na ni adimu: mwanamke 1 au 2 katika kila uzazi 1,000. Huanza ghafla, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za kwanza. Dalili ya kwanza mara nyingi ni hiyo hiyo aliyoitaja, mama halali hata mtoto akilala, na anaonekana ana nguvu za ajabu. Ndugu wanafurahi kwamba mzazi kachangamka. Hapo ndipo siku tatu za thamani zinapopotea.

Namba 4, bila kuvunja heshima ya bibi yako: kulia kuanzia siku ya tatu hadi ya tano huwapata wazazi wengi sana, na huisha kwenyewe ndani ya wiki mbili bila dawa. Inawezekana ungepona hata bila kombe. Lakini kukaa na watu siku arobaini, kukandwa, kupikiwa, kupokelewa mtoto ili ulale, hiyo ni tiba na sina ugomvi nayo hata kidogo.

Mleta mada, swali lako la kurudi. Ndiyo, inaweza kurudi. Kwa aliyewahi kuugua, uwezekano ni kati ya theluthi moja na nusu. Sikufichi.

#7 Mama wa Mmoja

Asante Nesi. Theluthi hadi nusu. Nimeisoma mara tatu. Ni mara ya kwanza mtu kunipa jibu lenye namba.

#8 Bint Makunduchi

Nesi, mie sikukatai, lakini nawe usinikate kirahisi hivyo. Kama ingeisha yenyewe au kwa kombe, hapo hakuna anayejua, si wewe si mimi. Najua tu kwamba nilisomewa na nikapona.

#9 Mwana wa Thika

Salamu kutoka Kenya. Mimi nililazwa Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi, kwa miezi mitatu, baada ya kupata binti yangu wa kwanza. Kwangu haikuisha kama ya mleta mada. Mwaka wa pili nikapanda juu tena, bila mimba wala mtoto mchanga. Nikakopa pesa kwa watu sita nikanunua viti mia moja vya plastiki nianze biashara ya harusi. Hapo ndipo daktari akakaa chini na mama yangu akamuuliza habari za ukoo mzima. Kumbe ni baipola, ugonjwa wa akili wa kupanda juu na kushuka, na kujifungua ndiko kulikoiamsha. Mjomba wangu alikuwa nayo maisha yake yote, sisi tulikuwa tunamwita mlevi.

Kwa hiyo mleta mada, dada yako usimpuuze. Ulizia watu wa kwenu.

#10 Mama wa Mmoja

Mwana wa Thika umenigusa penyewe. Shangazi yetu, dada wa baba, alikuwa anakaa Ubungo kituoni tangu asubuhi hadi jioni akihesabu mabasi ya mikoani. Akirudi anatuambia idadi kwa uhakika kabisa. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Watu wazima walisema alilogwa na mke mwenza, na kwamba alianza hivyo baada ya kuzaa pacha ambao hawakuishi. Sikuwahi kuunganisha.

#11 Mpenda Hoja

Nina swali ambalo naona watu wanalikwepa. Umesema usingizi ulikata siku ya nne, barabarani umetoka siku ya tisa. Siku tano nzima. Huyo mume alikuwa wapi? Mimi naona chanzo ni kuachiwa mzigo. Mwanamke katoka leba kachanika, hajalala, maji achote yeye, nepi afue yeye, mama mkwe kakaa anasifia bidii. Hata mwanaume mwenye misuli angechanganyikiwa.

#12 Shangazi wa Bukoba

Namba 11 unasema kweli nusu. Mimi sikuguswa na kazi. Nilizalia kwa mama yangu, naletewa ndizi na supu kitandani, sikushika hata kikombe. Na nilichanganyikiwa vile vile. Nina watoto watatu. Wa kwanza niliugua vibaya, niliwatukana wakwe zangu wote kwa majina. Wa pili ikarudi, ila safari hii mama aliijua, siku ya tatu nikawa hospitali, wiki mbili nikatoka. Wa tatu haikuja kabisa. Mwili ule ule, mume yule yule, nyumba ile ile. Mwenye kuweza kunieleza kwa nini anieleze.

#13 Dereva wa Masafa

Nesi asante kwa kunisahihisha namba 5. Niseme yangu basi, maana nimeyabeba zaidi ya miaka kumi.

Mke wangu aliugua hivyo hivyo mwaka 2013, mimi niko njiani Tunduma. Nikapigiwa simu mkeo kavua nguo. Niliporudi, kaka zake walikuwa wameshampeleka kwa mganga. Nikaambiwa nisimtoe, nikimtoa anakufa. Alikaa miezi mitatu. Nililipa laki nane na mbuzi wawili. Siku niliyoenda kumwona bila kutoa taarifa nilimkuta mguu mmoja umepitishwa kwenye tundu la gogo na kupigiwa msumari wa upande ili asiutoe. Kifundo kimeoza. Aliniangalia akasema, "Baba fulani, umekula?"

Ameuliza kama nimekula.

Nilimbeba kwenye lori hadi hospitali ya mkoa. Akatibiwa, akapata nafuu ndani ya mwezi. Lakini mtoto wetu alikwisha kuzoea kwa bibi yake, na mpaka leo anamwita mama yake "dada". Hatukuzaa tena. Si kwa sababu ya ushauri wa mtu yeyote. Hatujawahi kulizungumzia.

#14 Nesi Mstaafu

Dereva, pole sana. Ulifanya vema kumtoa.

#15 Mchungaji Msaidizi

Nimesita kuandika. Mimi ni mtumishi katika kanisa dogo, na naamini maombi kwa moyo wangu wote. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja muumini wetu alikuwa anatumia dawa za akili baada ya uzazi. Tulimwombea, akashuhudia mbele ya kanisa kwamba amefunguliwa, na mimi kwa kinywa changu nikamwambia dawa sasa za nini. Akaziacha siku hiyo hiyo. Wiki ya tatu alirudi wodini akiwa na hali mbaya kuliko ya kwanza. Alipona baadaye, yuko hai, bado anasali kwetu na amenisamehe. Mimi bado namwomba Mungu anisamehe. Tangu siku ile, mtu akija kuombewa namuuliza kwanza kama amekunywa dawa yake ya leo.

Mleta mada, mtumaini Mungu na usiache kumwona daktari.

#16 Kijana wa Gongo la Mboto

Lakini hizi dawa si wanasema ukianza huachi? Na zinamfanya mtu zezeta, udenda unatoka. Jirani yetu aliletwa kutoka Milembe anatembea kama roboti. Na wanapiga watu shoti ya umeme kichwani.

#17 Mama wa Mmoja

Kijana, nikueleze kwa mwili wangu. Dawa ya kwanza ilikuwa haloperidoli. Siku ya pili shingo ilijipinda upande, taya likakaza, ulimi mzito, nikajua nakufa. Kumbe ni madhara ya dawa, na yana dawa yake: walinichoma sindano, nusu saa shingo ikarudi, wakaniongezea vidonge vya Artane. Kama ndugu yako akipatwa na hili usimkimbize kwa mganga, mrudishe hospitali mara moja. Baadaye wakanibadilishia olanzapini. Hiyo haikunikaza, ila nililala kama gogo na kunenepa kilo 14 kwa mwaka. Magauni yote ya harusini nikagawa.

Kuacha, nimeacha. Lakini si kwa siku moja. Ile miezi ya mwisho nilikuwa nakata kidonge kwa wembe juu ya kisahani, nusu, halafu robo, na vipande ninavifunga kwenye pindo la kanga visipotee. Kila hatua daktari ananiona.

#18 Nesi Mstaafu

Naongezea tu kwamba tiba ya umeme inatakiwa kutolewa mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi, siyo ile ya kushikiliwa na watu wanne ambayo wazee wanaisimulia. Kwa mama aliyezidiwa, asiyekula wala kunywa, inaweza kuokoa maisha. Na wapo wanaohitaji dawa miaka mingi, kama mwenzetu wa Thika. Haiwafanyi kuwa mazezeta, kama vile mwenye kisukari si zezeta.

#19 Mzee wa Korogwe

Kijana wa Gongo la Mboto umeitaja Milembe. Jina lake hasa ni Mirembe, Dodoma. Wengi wanadhani ndiyo hospitali ya kwanza ya akili nchini. Ya kwanza ni Lutindi, huku kwetu, juu ya milima ya Usambara. Wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 kituo cha watoto waliokombolewa utumwani, halafu mwanzoni mwa karne ya 20 kikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ipo mpaka leo. Baridi yake ukipanda bila sweta utajuta. Wagonjwa wanafanya kazi za mikono na bustani, hawafungiwi kutwa nzima wakitazama ukuta.

#20 Muganda wa Masaka

Huku kwetu mirembe maana yake ni amani. Tunawapa hata mabinti jina hilo. Kwa hiyo mkisema "huyu wa kupelekwa Mirembe", mimi nasikia mnamtakia heri.

#21 Shangazi wa Bukoba

Usukumani nako Milembe ni jina la wanawake. Nilisoma na wawili. Walitaniwa mpaka wakabadilisha kuwa Mary.

#22 Mpenda Hoja

Turudi kwenye mada. Mleta mada hujanijibu namba 11.

#23 Mama wa Mmoja

Nakujibu. Mume wangu alikuwa na zamu za usiku bandarini. Hakuniacha kwa dharau, hakujua. Jana nilimsomea uzi huu wote kwa sauti akiwa anatengeneza pasi. Kwenye namba 11 alinyamaza. Kwenye namba 13 aliweka bisibisi chini. Akasema, "Huyo dereva ni mimi, tofauti ni kwamba kwetu hospitali ilikuwa karibu." Kwa hiyo ndugu yangu usimhukumu sana. Na mama mkwe naye, kwao mwanamke anayefua usiku ni mwanamke mzuri. Angejuaje?

Ila nataka niseme jambo ambalo hakuna daktari aliyelitaja kama sehemu ya kupona. Niliporudi nyumbani, kila nikimshika mtoto kuna mtu mlangoni. Nikimnyonyesha chupa, mama mkwe amevuta kigoda amekaa pale, anachambua mchele, macho kwangu. Nikienda naye dirishani, anakohoa. Sikumlaumu, nilikwisha kusema mtoto si wangu mbele ya mtaa mzima. Ikaenda hivyo miezi minne. Siku moja namwogesha mtoto kwenye beseni, nimemkalisha, namshika kichwa, mama mkwe pale kwenye kigoda. Akachungulia jikoni akasema, "Maharage yanaungua," akanyanyuka akaenda. Akakaa huko. Nilisikia anakoroga, anafunika, anakoroga tena. Nikabaki mimi, mtoto na maji. Mikono ilinitetemeka hadi sabuni ikanitoka. Nilimwogesha, nikamfuta, nikampaka mafuta, nikamvalisha. Nilipotoka na mtoto begani alinitazama akasema, "Umemaliza?" basi. Maharage hayakuwa yanaungua. Jikoni hakukuwa na moto siku ile.

Mpaka leo nikigombana na mteja dukani, mtu atasema dishi limeyumba tena. Lakini yule mama aliondoka kwenye kigoda.

#24 Niko Midlands

Nimesoma nalia. Mimi niko Uingereza, niliugua kwa mtoto wa kwanza mwaka 2016. Huku zipo wodi maalumu za mama na mtoto, unalazwa na mwanao, kitanda chake kando ya chako, wauguzi wanakusaidia kumlea huku unatibiwa. Ulivyosema maziwa yamejaa na mtoto hayupo, nimekumbuka kwamba mimi niliepushwa na hilo kwa sababu tu ya mahali nilipo.

Nilizaa wa pili. Haikurudi. Nilipanga na daktari wa akili tangu kabla ya mimba. Dawa nilianza siku ile ile ya kujifungua, mtoto akanyweshwa maziwa ya kopo usiku na baba yake, mimi nikalala saa nane mfululizo. Mama yangu kutoka Moshi akapiga simu kila siku kulaumu kwamba mtoto wa Kichaga hanyonyi usiku, na mtori unapikwa na nani. Nikamwambia mama, mtori nitapika, usingizi hauna wa kunipikia.

#25 Shangazi wa Bukoba

Midlands unaona? Wewe dawa ulianza haikurudi. Mimi kwa wa tatu sikunywa dawa yoyote na haikurudi pia. Sisemi watu waige, nasema tu ndivyo ilivyokuwa.

#26 Mwana wa Thika

Jambo muhimu kwa wanaotumia dawa sasa na wanafikiria mimba. Mimi nilikuwa nimewekwa kwenye valproeti, dawa ya kutuliza baipola. Hakuna aliyeniambia lolote, nikaja kushika mimba nayo. Ikatoka yenyewe wiki ya tisa, sijui kama ni dawa au la. Nesi tuelezee.

Pia niliogopa kumwambia daktari kwamba nilikuwa nafikiria kujiua, kwa sababu niliambiwa polisi wataitwa. Kwetu Mahakama Kuu imeamua Januari 2025 kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Nilifurahi kama niliyeshinda kesi mimi mwenyewe. Mama yeyote mwenye mawazo hayo amwambie mtu leo, asingoje kliniki.

#27 Nesi Mstaafu

Pole mwanangu. Valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa uti wa mgongo na ubongo, na madhara hayo huweza kuanza wiki za mwanzo kabisa, kabla mama hajajua kama ana mimba. Mwanamke wa umri wa kuzaa anatakiwa kuambiwa siku anayoandikiwa. Lakini tafadhali, anayesoma hapa anaitumia asiitupe chooni leo. Aende kwa daktari abadilishiwe.

Na jambo moja zaidi limesahaulika kwenye kutafuta chanzo. Mzazi akichanganyikiwa, kabla ya kusema ni akili au ni jini, apimwe malaria, apimwe presha, aangaliwe kama kuna uchafu au maambukizi kwenye kizazi, kifafa cha mimba, upungufu wa damu, tezi la shingo. Nimewahi kuona mama kafungwa kamba siku mbili anaitwa kichaa, kumbe ana homa ya kizazi. Dawa ya sindano ya maambukizi ndiyo iliyomrudishia akili.

#28 Sheria Mtaani

Mchango mfupi. Wanaodhani hili ni jambo la kizungu lililoletwa na mitandao, waangalie Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 199. Sheria inatambua kwamba mwanamke aliyejifungua ndani ya miezi 12 anaweza kuwa akili yake haijatulia kwa sababu ya uzazi ule, na akimuua mtoto wake huyo mchanga, inalitazama kosa lake kwa jicho tofauti na mauaji ya kawaida. Waliotunga walijua. Mahakama inajua. Kwenye familia ndiko bado tunaulizana nani kamloga.

#29 Bint Makunduchi

Nimesoma mpaka hapa. Mie bado nashikilia uvumba wangu, lakini kwenye gogo na msumari nasema Mungu apishe mbali. Mama wa Mmoja, ukizaa njoo Unguja nikukande mwenyewe. Spitali utakwenda, na jioni utafukizwa.

#30 Mama wa Mmoja

Bint Makunduchi nitakuja wallahi, andaa karafuu.

Wakuu, nimepata miadi kwa daktari wa akili aliyenitibu, Alhamisi saa tatu. Mume kaomba ruhusa kazini. Tumeandika maswali kwenye daftari la hesabu la mtoto, kurasa za nyuma: nianze dawa lini, nitanyonyesha au la, nani atalala na mtoto usiku wiki mbili za kwanza. Ukurasa wa mwisho nimeandika kwa mkono wangu kwamba mtu yeyote wa nyumba hii akiniona nafua usiku, asisubiri asubuhi. Mume katia saini. Mama mkwe hajui kusoma vizuri, amesomewa, akaweka dole gumba. Hatujasema tutazaa. Tumesema tutauliza.

Kama kuna muuguzi humu aliyewahi kumkamua maziwa mama mmoja usiku kwenye wodi ya akili, kanga ya maua ya njano, sikuwahi kukuuliza jina.

#31 Kijana wa Gongo la Mboto

Namba 3 alinisema nawahi siti. Sikuwa natania. Mimi nimelelewa na bibi, na nyumbani kuna maneno kwamba mama "aliumwa" nilipozaliwa. Nikiuliza aliumwa nini naambiwa homa. Jana usiku baada ya kusoma hapa nilimpigia, nikamuuliza, mama nilipozaliwa ulikuwa unalala? Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza nani kakwambia.

#32 Mpenda Hoja

Mdogo wangu, nisamehe kwa ile namba 3. Ukamjibuje?

#33 Kijana wa Gongo la Mboto

Nimemwambia nimesoma tu mahali. Kasema niende Jumapili, nisije na mtu.